Nyimbo za mapenzi na bei ya kahawa

Najua nimeadimika, lakini kazi ya gazeti mnaijua haina adabu. Unamaliza habari ya kikao cha madiwani saa mbili usiku, unafunga kompyuta, unachukua begi lako, mara mhariri anakuita kwa jina la ubatizo. Ukiitwa kwa jina la ubatizo ujue hulali mapema.

Leo sina siasa wala madiwani. Leo nataka tuongee nyimbo za mapenzi. Naam, mimi huyu huyu!

Ilianza hivi. Mwenzangu mmoja wa dawati la burudani, mtoto wa Dar wa kuzaliwa, aliniuliza tukiwa kwa mama ntilie: "Nitajie nyimbo zako tano za mapenzi." Yeye alishazitaja zake kabla wali haujafika mezani, na hakuna hata mmoja uliotimiza miaka mitatu. Mimi nikaanza na Malaika. Alicheka mpaka akapaliwa na maji. "Kaka, hiyo si ya watalii? Ile wanayopigiwa Wazungu hotelini wakati wa chakula?"

Nikamwambia kwetu Mbuji watalii wa hotelini hatuna. Wimbo ule niliusikia kwanza kwa baba yangu mdogo, akizungusha mashine ya kumenyea kahawa huku jasho linamtiririka, na hapakuwa na Mzungu wala piano. Hakunielewa, na wali ukaja, tukala. Lakini usiku nilipofika kwangu nilichukua karatasi nikaandika hiyo orodha. Nilipoimaliza nikaona kila wimbo una mtu nyuma yake, na karibu kila mtu huyo alikuwa anadaiwa. Si deni la dukani. Deni la mahari.

Kwa wasiopajua, Mbuji iko wilaya ya Mbinga, mkoa wa Ruvuma, kwenye milima ya Wamatengo. Kuna jiwe kubwa sana, Jiwe la Mbuji, ndilo linalotutangaza. Wazee wana hadithi zake, na kila mzee ana yake. Sisi vijana tulilipenda kwa sababu nyingine: enzi mtandao wa simu ulipokuwa wa kubahatisha, maeneo ya karibu na jiwe ndiko ulikoshika vizuri. Ukimwona kijana jioni anapanda kuelekea jiweni peke yake, ameoga, ujue anakwenda kuongea na mtu.

Pengine pote ni mashamba. Kuna ngolo, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba kwenye miteremko ili mvua isiondoke na udongo, yenye mahindi na maharage. Karibu na nyumba kuna migomba na kahawa. Kahawa ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo jeneza, ndiyo harusi. Ukimdai mtu wa kwetu mwezi wa pili, jibu ni moja tu: "Subiri msimu." Na ukimpenda mtoto wa watu mwezi wa pili, jibu ni hilo hilo.

Babu alikuwa na redio ya National inayokula betri nne kubwa. Betri zikichoka tulizianika juani, juu ya bati, zinarudi na nguvu ya kama nusu saa hivi. Kwa hiyo redio ilikuwa na sheria: taarifa ya habari kwanza, nguvu ikibaki ndipo muziki. Matokeo yake mimi nimekua nikizijua nyimbo nyingi nusu. Zuwena ya Marijani Rajabu na Dar International niliijua mwanzo tu kwa miaka mingi, maana ikifika katikati sauti inaanza kuzama, inavutika kama ng'ombe anayelia mbali, halafu kimya. Babu anasema, "Kalale." Mwisho wa wimbo ule niliusikia nikiwa chuo kikuu, kwa simu ya mtu, na nilikaa kimya kama niliyepewa taarifa ya ndugu aliyepotea. Marijani mwenyewe alifariki mwaka 1995, kabla sijazaliwa. Mwaka 2023 Diamond naye akatoa Zuwena yake, na vijana wa mtaani kwangu wakaapa kwamba jina hilo limezaliwa mwaka huo. Nimewaacha.

Sasa baba mdogo.

Msimu wa 2001 mimi nilikuwa na miaka mitatu, kwa hiyo haya ninayosimulia nimeyapata kwa baba, na mengine, mtashangaa, kwa mama mdogo. Baba mdogo alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye miche yake ya kahawa aliyogawiwa na babu na shati moja la kutokea. Alikuwa amechumbia binti wa upande wa Litembo. Barua ya posa ilishakwenda, imefungwa vizuri kwenye kitambaa, na ilishajibiwa. Wazee walikaa, wakapanga mahari, mbuzi na fedha, wakakubaliana kwamba yote yatakamilishwa kahawa ikiuzwa. Hakuna aliyeona shida. Kila mtu alikuwa akioa hivyo.

Kahawa ikauzwa. Fedha aliyopata, baba anasema, haikufikia hata mbuzi wa kwanza. Wakaomba wasubiriwe msimu mwingine, wakasubiriwa. Msimu huo nao ukawa vile vile. Baba wa binti, ambaye wote wanakubali alikuwa mtu mwema, akatuma ujumbe wa heshima kwamba mtoto wa kike si gunia la mahindi la kuwekwa darini. Binti akaolewa Songea na mtu mwenye duka.

Katika zile fedha za msimu wa pili baba mdogo alinunua chumvi, sabuni na kanda. Watu walimcheka kijiji kizima. Ya sabuni ilieleweka, lakini ya kanda! Mtu ameshindwa mahari ananunua kanda? Ilikuwa kanda ya mchanganyiko, zile zilizorekodiwa mjini na mtu mwenye redio mbili, na ndani yake kulikuwa na Malaika.

Nawaomba muusikilize tena wimbo ule, lakini msahau hoteli. Ni kijana anayemwambia msichana kwamba angemuoa, tatizo hana mali. Basi. Hakuna usaliti, hakuna mganga, hakuna shoga mbaya. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na ugomvi wa nani hasa aliutunga haukuisha mpaka alipofariki mwaka 2001. Wapo wanaosema mtunzi ni Adam Salim wa huku kwetu Tanganyika. Miriam Makeba akauchukua akauzungusha dunia nzima, Boney M nao wakautia madoido ya disko. Siku hizi unapigwa harusini, bwana na bibi wanakata keki. Mimi kila nikiusikia kwenye harusi natazama meza kuu nashangaa. Mnajua mnachopigiwa? Huyu anayeimba hakuoa!

Mwaka 2023 mhariri alinituma niandike habari ya kahawa, ndipo nikaingia kwenye takwimu za Shirika la Kimataifa la Kahawa. Mwaka 1997 wastani wa bei katika soko la dunia ulipita senti 130 za Marekani kwa ratili moja. Mwaka 2001 ulikuwa kama senti 45. Sababu zake zimeandikwa sana: mkataba wa kugawana mauzo kati ya nchi zinazolima na zinazonunua ulivunjika mwaka 1989, kila nchi ikawa inauza inavyotaka, Vietnam ikapanda kahawa kwa kasi ya ajabu na Brazil nayo ikavuna kwelikweli. Kahawa ikafurika. Nilikaa ofisini nikiitazama ile namba, 45, kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Baba mdogo miaka yote aliamini mizani ilichezewa. Nilipompigia simu kumweleza habari za Vietnam alinyamaza, kisha akauliza, "Hao Vietnam wanalima kwa ngolo?" Nikamwambia sidhani. "Basi udongo wao utaondoka," akasema, akakata simu.

Alioa mwaka 2006. Na hapa ndipo ninapompenda mama mdogo kuliko wanawake wengi ninaowajua. Msimu wa kumenya kahawa ukifika, mashine inazunguka, matunda mekundu yanaingia huku, punje zinatoka kule na utelezi wake, nyuki wamejaa maganda, mama mdogo anamwambia mumewe mbele yetu sote: "Baba watoto, leo huimbi ule wa mwenzangu?" Mwenzangu ndiye yule wa Songea. Na baba mdogo anauimba. Hana sauti nzuri, tusidanganyane. Lakini mama mdogo anaitikia.

Niliwahi kumuuliza mama mdogo kama hauchukii. Akaniambia, "Kwa nini niuchukie? Ule wimbo ndio ulionilindia huyu mume miaka mitano." Nikaona nifunge daftari langu la uandishi.

Tukiacha baba mdogo, mwalimu wangu wa pili wa mapenzi ni dada yangu. Yeye alikuwa na daftari la nyimbo. Nyinyi wa rika letu mnalijua: daftari la kurasa 96, gamba limefunikwa kwa karatasi ya kalenda, kila ukurasa una mioyo na mishale ya kalamu nyekundu. Ilikuwa 2008 hivi. Cinderella ya Ali Kiba ilikuwa imetoka mwaka mmoja nyuma, na Bembeleza ya Marlaw ilikuwa kila mahali, mpaka kwenye mashine ya kusaga. Kuandika maneno ya wimbo kutoka redioni si kazi ya mtu mmoja, kwa hiyo dada aliniajiri. Yeye mstari wa kwanza, mimi wa pili, yeye wa tatu, mimi wa nne, halafu tunaunganisha. Tusiposikia vizuri tunasubiri upigwe tena kesho. Nawaambieni ukweli, uandishi wa habari nilijifunzia pale. Mpaka leo nikiwa kwenye mkutano wa waziri bila kinasa sauti sibabaiki.

Dada alikuwa na kijana wake pia, na barua zao nilizibeba mimi, malipo muwa. Kijana akaenda Songea kuendesha bodaboda, kwamba atafute cha kuanzia. Mengine hayana urefu. Dada yuko Njombe sasa, ana watoto wawili, daftari lipo kabatini, na shemeji amelisoma lote akasema mwandiko ulikuwa mzuri sana. Shemeji mstaarabu huyo.

Nitoke nje kidogo ya mada. Mwimbaji mkubwa kuliko wote kutoka pande zetu ni marehemu Kapteni John Komba, wa Lituhi, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, aliyefariki Februari 2015 akiwa mbunge. Sauti ile! Lakini tunamkumbuka kwa nyimbo za chama na za maombolezo ya Mwalimu Nyerere. Za mapenzi, katika kikundi chake cha TOT, aliwaachia akina Khadija Kopa upande wa taarabu. Nimewahi kujiuliza kwa nini sisi watu wa Mbinga na Nyasa hatuna wimbo wetu wa mapenzi unaojulikana nchi nzima. Ngoma tunazo. Mganda wa wanaume, uliokua kutokana na gwaride na bendi za askari wa KAR, unachezwa kwa mistari iliyonyooka utadhani kuna afande pembeni. Kioda cha akina mama nacho kipo. Ukisikiliza nyimbo zake utakuta mapenzi humo humo, lakini yamefichwa kwenye kusutana na kutaniana. Kwetu mtu hasemi "nakupenda" hadharani. Anasema, "Kahawa mwaka huu imezaa."

Shule ya bweni, kidato cha tano, 2017. Simu marufuku. Mwaka ule Aslay alikuwa ametoka Yamoto Band na akawa anaachia nyimbo kama mtu anayefukuzwa, na Natamba ndiyo iliyotushika. Sisi tuliipata kichwani mwa mtu: kijana mmoja alitoka likizo Dar, akasimama juu ya kitanda cha juu taa zikiwa zimezimwa, akatuimbia yote na vinanda akaviweka kwa mdomo. Bweni zima kimya. Nilipokuja kuisikia ya Aslay mwenyewe, miezi kadhaa baadaye, niliona kama yeye ndiye anayeiga. Sikuwa na msichana wakati huo. Nilikuwa natamba kwa niaba ya wengine, teh teh.

Halafu chuo. Na chuoni ndiko nilikomkuta yeye. Jina lake silitaji, hajaniruhusu, na nikimuudhi sasa nitakuwa nimeharibu kazi ya ukoo mzima kama mtakavyoona.

Ni Mnyasa wa Liuli. Tulikutana mwaka 2019 kwenye kikao cha wanafunzi wa kutoka Ruvuma, kikao cha kuchangia msiba. Nikasema natoka Mbuji. Akasema, "Watu wa jiwe." Nikasema ninyi pia watu wa jiwe, maana Liuli ina mwamba ufukweni unaofanana na sanamu ya Sphinx ya Misri mpaka Wajerumani wakapaita Sphinxhafen. Pale pale, Agosti 1914, meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kutengenezwa. Nilikuwa nimeyasoma hayo wiki ile ile kwa bahati tu. Akaniangalia. "Kwa hiyo umekuja kunichumbia kwa historia?" Sikujibu. Nilikuwa nimekuja kuchangia msiba.

Wimbo wake ni Sina Makosa wa Les Wanyika, wale Watanzania waliohamishia magitaa Nairobi wakatoka Simba Wanyika mwaka 1978. Aliurithi kwa baba yake, mvuvi, aliyekuwa akisikiliza redio usiku ziwani, mara ya taifa letu, mara ya Malawi ng'ambo, ipi imeshika. Yeye aliugeuza silaha. Akichelewa dakika arobaini, na alikuwa anachelewa, anakuja taratibu kutoka mbali akiwa anapiga mluzi lile gitaa la mwanzo. Utamgombeza mtu wa hivyo saa ngapi? Mpaka leo lile gitaa likilia kwenye daladala mimi natazama dirishani kuona kama anakuja.

Mwaka 2022 akapata ajira ya ualimu Kasulu, Kigoma. Mimi Dar. Wiki ya kwanza alinitumia Nakupenda ya Jay Melody, bila neno lolote, wimbo tu. Niliusikiliza ndani ya daladala la Mbezi kwa spika moja ya sikioni, ya pili ilishakufa, nikiwa nimesimama na kwapa la mtu liko usawa wa pua yangu. Waandishi wa burudani huwa wanauliza wimbo mzuri unasikilizwa wapi. Jibu ndilo hilo.

Sasa mambo yakaanza kuwa magumu. Kwao wakauliza, kwa heshima, huyo kijana wa milimani nia yake nini. Nikatuma barua, mshenga akaenda, ikapokelewa, mahari ikatajwa. Haikuwa kubwa ya kutisha. Ilikuwa ya haki kabisa kwa binti aliyesomeshwa kwa samaki. Lakini mshahara wa mwandishi kijana mnaujua, na mwaka 2024 kuna miezi ulifika umechoka na kuna miezi haukufika. Gazeti silitaji. Nikaomba muda, nikapewa. Mwisho wa mwaka ule akanipigia usiku, sauti yake ya chini, akasema kuna mtu wa Mbamba Bay ameleta barua nyumbani. Mfanyabiashara. Ana boti mbili za injini. "Nimesema sitaki," akasema. "Lakini wazee hawajairudisha barua."

Nilikaa kitandani mpaka asubuhi. Msinione mzembe wa fikra, lakini nilichokuwa nakisikia kichwani ni ile mashine ya kumenyea kahawa, inazunguka.

Sikumwambia mtu nyumbani. Dada ndiye aliyesema, sijui alijuaje. Februari 2025 baba mdogo akapiga simu. Bei ya kahawa aina ya Arabika katika soko la New York ilikuwa imepita dola 4 kwa ratili, jambo ambalo halijawahi kutokea, na yeye alishasikia. Siku hizi wakulima wanajua bei ya New York kabla yetu sisi wa magazeti. Brazil ilikuwa imepata ukame, akanieleza yeye mimi, kwa utaratibu kama anayesoma taarifa ya habari. Kisha akasema: "Sasa sikiliza, mwanangu. Ukoo mmoja hauwezi kuimba Malaika mara mbili."

Nikamwambia, baba, hiyo ni fedha ya bati lako, na wadogo zangu wana ada. Akasema bati la zamani halivuji isipokuwa upande mmoja, na upande huo analala yeye. Nyuma nikasikia mama mdogo: "Mwambie atume namba ya huyo mshenga!"

Tulikwenda Liuli Agosti, msimu ukiwa umeshalipa. Baba, baba mdogo, mama mdogo, mshenga, mimi na dereva, kwenye pikapu ya kukodi. Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay sasa ni lami tupu. Wazee wanakumbuka kilomita zile sitini na kitu zikila siku nzima wakati wa masika. Ukishuka mlima unaliona ziwa ghafla, bluu, na upande wa pili Malawi kama wingu. Baba mdogo, ambaye maisha yake yote ameishi juu ya ziwa lile, alikuwa hajafika ufukweni tangu akiwa kijana. Alishika maji kwa mkono, akayaonja. Kutoka Mbamba Bay kwenda Liuli tulikula vumbi.

Mimi sikuruhusiwa kuingia kwenye mazungumzo, nilikalishwa chini ya mwembe na vijana wa pale wakinichunguza viatu. Saa mbili na nusu. Zikasikika sauti zikipanda, zikashuka, mtu akacheka, mtu akakohoa. Ya mfanyabiashara wa boti ilitajwa, mshenga aliniambia baadaye, na baba mdogo ndiye aliyesimama kuijibu. Hakusema habari za dola wala New York. Alisema yeye aliwahi kuchelewa msimu mmoja na mtu mwingine akalipa, na kwamba safari hii wamewahi. Baba yake, yule mvuvi wa Sina Makosa, akaomba barua ya Mbamba Bay iletwe, akampa kijana airudishe.

Fedha ya baba mdogo imetimiza sehemu kubwa. Iliyobaki ni yangu, nimepewa awamu mbili. Bado kuna suala la kanisa, maana wao Waanglikana na sisi Wakatoliki tusiotikisika, na hilo nalo lina vikao vyake. Nitawaambia likifika mahali.

Tuliporudi tulisimama Mbamba Bay tukala ugali kwa mbasa. Dereva alikuwa na flashi yake imejaa Bongo Flava. Mama mdogo akamuuliza kama anayo Malaika, dereva akasema hana. Mimi ninayo kwenye simu, nikaanza kuitafuta waya. Baba mdogo akasema acha, hebu huyu tumsikilize. Alikuwa Jay Melody, ule ule wimbo wa Kasulu, ingawa yeye hakujua. Akasikiliza mpaka ukaisha, mkono nje ya dirisha, akigonga mlango wa gari kwa vidole. Kisha akamwinamia dereva.

"Huyu kijana anayeimba," akauliza, "kwao ameshalipa mahari?"

Dereva akasema hajui. Mama mdogo akanipakatisha kapu la usipa aliopewa na wakwe, tukaanza kupanda mlima.